Kalenda Ubavuni mwa Friza

Jumanne, tarehe saba Januari, saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo mambo yangu yote yalipoharibika.

Najua wiki iliyopita nilikwambia ni Jumatano. Nilikudanganya. Sikukudanganya kwa ubaya, msomaji wangu, nilikuona bado mgeni kwangu, nikaona aibu.

Kwa wewe uliyeikosa sehemu ya kwanza: mie naitwa Alfonsi, mchonga vinyago, mkazi wa Temeke, mgane, elimu yangu darasa la nne huko Newala. Mke wangu Mauwa, Mama Editha, aliuza barafu za ukwaju mlangoni kwetu miaka kumi na minne. Watoto wa shule hawakuwa wakisema wanakwenda kununua barafu. Walisema wanakwenda kwa Mama Editha.

Alipofariki, mwezi wa nne mwaka jana, nikaendelea kuziuza mie. Watoto nao wakaendelea kusema vile vile. Kila siku ya shule nalisikia jina la mke wangu mara mia kabla ya saa nane mchana. Hiyo ndiyo pensheni yangu. Serikali haijanipa nyingine.

Desemba friza letu likafa kwa uzee. Mwezi huu nikanunua jipya dukani kwa Nawaf, Mabibo, karibu na soko. Likakataa kugandisha. Nawaf alipopata habari akanipigia, "Mzee, lilete nilitazame." Nikakataa kwa hasira, nikaenda kumshitaki kwa afisa biashara.

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa ngoja nitoe nilichokificha.

Sikukataa kwa hasira. Nilikataa kwa woga.

* * *

Siku ile ya Jumanne, Nawaf alilichomeka friza kwenye soketi mbele yangu, kama desturi ya maduka yetu. Taa ikawaka. Mashine ikanguruma. Kwetu sie hapo kitu kimeshapimwa, kimefaulu.

"Sikia hiyo sauti, mzee. Kama simba aliyeshiba."

"Simba aliyeshiba analala, mwanangu. Likilala nitakurudishia."

Akacheka. Ni kijana mpole, mtoto wa mjukuu wa Waarabu wa zamani pale Mabibo, ana adabu na ana ulimi. Akanisomea karatasi ya waranti, maana maandishi yake madogo kama mayai ya chawa.

"Mwaka mmoja. Likifa lenyewe, juu yangu. Ukilitoboa, ukilikwangua au ukiligonga nyundo, juu yako."

"Mtu gani mwenye akili atagonga friza nyundo?"

"Watu wana mambo, mzee wangu."

Hazikupita saa tano, nilikuwa sebuleni kwangu na nyundo mkononi.

Usinicheke. Dar hii kitu kisicho na jina ni cha kila mtu. Vioo vya magari vimechorwa namba. Ndoo za kisimani zina majina. Viti vya msibani vina rangi ya mwenyewe mgongoni. Na pale mtaani kwetu, anayechora ni mie. Nimechora majiko, madumu, baiskeli, majembe, hata mguu wa bandia wa mzee Hija, maana ulikuwaga unapotea akienda kuswali.

Nikachukua patasi nyembamba, nikachora ubavuni mwa friza, upande wa kulia: MAMA EDITHA. Chini yake nikaweka alama yangu, kobe.

Kila ninachochora lazima kiwe na kobe. Fundi aliyenifundisha kazi alisema kazi bila alama ni mtoto bila baba. Mwili wa kobe nauchora kwa patasi. Jicho ni pigo moja la msumari, moja tu, lakini lazima liingie. Kobe bila jicho ni jiwe.

Nikapiga. Kobe akafungua jicho. Nikaiambia picha ya Mauwa ukutani, "Umeona? Hili hakuna wa kulichukua."

Asubuhi nafungua friza, maji ya ukwaju ya uvuguvugu. Unaweza kumwogeshea mtoto mchanga.

Hapo moyo wangu ukajua. Nimeliua mwenyewe. Nikachukua kalenda ya mwaka mpya niliyopewa parokiani, nikaibandika kwa gundi ubavuni, juu ya jina la mke wangu na kobe wake. Halafu nikavaa shati la Jumapili, nikaenda kushitaki.

Mtu mwenye kosa huwahi kushitaki. Hilo halipo kwenye karatasi yoyote ya serikali, lakini kila mtu analijua.

* * *

Na kushitaki nakujua. Mwaka juzi friza la jirani yangu Mwajabu lilipokufa ghafla, nani alisimama ofisi ya serikali ya mtaa akawafokea? Mie. Nikawaambia umeme wenu unapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi, mmemuulia mama wa watu friza lake. Mtendaji alitafuta pa kutokea. Mwajabu alinishukuru mpaka akaniletea bagia.

Huyo Mwajabu naye anauza barafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ndiye aliyenielekeza kwa Nawaf, maana alinunua friza lake la sasa pale pale, na lake linagandisha mpaka linakera. Ni mpinzani wangu na ni jirani yangu. Dar unaweza kuwa vyote viwili na mkasalimiana.

Afisa biashara naye ni binti mdogo, Flaviana, miwani mikubwa kuliko uso. Nilijiandaa kumchukia.

"Shikamoo baba. Karibu ukae. Wewe ni mlaji, una haki zako."

"Mlaji? Mwanangu, tangu asubuhi hata chai sijanywa."

"Mlaji ni yeyote anayenunua kitu kwa matumizi yake."

"Basi mie ni mlaji mwenye njaa. Aliyekula ni Nawaf."

Akaandika. Akaniambia kitu kikiuzwa kama kipya, kiwe kipya kweli, na kifanye kazi yake. Kikikataa, muuzaji akitengeneze, akibadilishe, au arudishe alichopokea. Hata kama risiti yake imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nilikuwa na miaka sitini na mitatu sijui hilo. Kwa nini hatukuambiwa? Wanatangaza tarehe ya kulipa kodi ya jengo kwa kipaza sauti, haki zetu wanazifungia kwenye droo.

"Ila baba," akasema, "kama umekiharibu mwenyewe, hapo sitaweza kukusaidia. Hujakiharibu?"

"Hata kukifuta vumbi sijakifuta."

Akanitazama juu ya miwani. "Ijumaa saa nne, lete friza dukani kwake, lete karatasi zako, na lete shahidi. Nitakuja na mie."

Nikahesabu siku. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu shule zinafunguliwa. Jumatatu saa nne watoto wanatoka mapumziko, wanakuja mbio mlangoni kwangu. Wakikuta maji ya moto, watakwenda nyumba ya tatu. Na mtoto akizoea kusema "naenda kwa Mwajabu" kwa wiki moja, hasemi tena jina jingine. Mauwa angekufa mara ya pili, na safari hii bila hata matangazo.

* * *

Ijumaa. Friza juu ya guta la magurudumu matatu, kalenda ubavuni, Mwajabu kando yangu kama shahidi.

"Nitasema nilichokiona," akaniambia njiani. "Nilitia mkono, nikakuta joto. Basi. Usinitafutie maneno mengine, Baba Editha, nina funga ya kulipa deni la Ramadhani leo."

Tulipofika, Nawaf alikuwa ameweka viti vitatu na chupa ya maji baridi. Hilo lilinikera zaidi. Mtu unamshitaki, anakuwekea kiti!

"Shikamoo mzee. Karibu nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani kwangu vitu vinaganda."

Alikuwepo na fundi wake, Venance, mtu mrefu mwenye kikombe cha povu la sabuni mkononi. Flaviana akashuka kwenye bodaboda, akavua helmeti, akasema tuanze.

Venance akalizunguka friza. Akasimama mbele ya kalenda.

"Mzee, hii ya nini? Friza lijue tarehe ya kugandisha?"

Watu wa genge la kuuzia nanasi jirani wakacheka. Nikacheka na mie, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mapambo tu, fundi. Usiiguse, ina picha takatifu."

"Ina picha ya bwawa la samaki la parokia," akasema Venance. "Na mabomba ya gesi yanapita nyuma ya ubavu huu. Lazima nipake povu. Penye tundu, povu litatokota."

Akashika pembe ya kalenda. Nikasema ngoja. Hakungoja.

Ilichanika Januari mpaka Desemba.

MAMA EDITHA. Na kobe chini yake, jicho wazi, anamtazama kila mtu.

Mwajabu ndiye aliyeanza.

"Baba Editha! Nimekaa na njaa kuja kuwa shahidi wa uongo?"

"Mwajabu, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Umeligonga misumari!"

Nawaf alikuwa ameshaikunjua karatasi ya waranti. Alifungua mdomo asome, halafu akalisoma jina la ubavuni badala yake. Akaikunja karatasi.

"Ni marehemu?" akaniuliza taratibu.

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Baba," akasema Flaviana, na hakuwa mkali, bora angekuwa mkali, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hata vumbi."

"Vumbi kweli sikulifuta, mwanangu."

Akaanza kufunga faili. Lile faili lilikuwa la kijani. Nililitazama linavyofungwa nikaona milango ya shule inafunguliwa.

"Dada, subiri kidogo," akasema Venance.

Alikuwa amepiga magoti, anapaka povu juu ya kobe wangu. Akapaka jicho. Akangoja. Akapaka tena. Povu likakaa kimya kama maziwa.

"Hapa hapavuji. Msumari umepita katikati ya bomba na bomba. Bahati ya Mungu tu. Huyu kobe hajaua kitu."

"Rudia," nikamwambia.

"Hujalitoboa, mzee."

"Rudia kwa sauti, genge la nanasi wasikie!"

Akahamia upande wa kushoto. Akapaka kuanzia chini, akapanda. Karibu na juu, povu likatokota kama uji.

"Ahaa."

Akachukua kisu, akakwangua kidogo. Rangi nyeupe ikabanduka. Chini yake, rangi nyingine, ya maziwa yaliyochacha. Akachomoa kipande cha gundi ya chuma, kilichoziba tundu.

Flaviana akalifungua tena faili lake la kijani.

"Kaka Nawaf. Friza jipya lina rangi mbili?"

Nawaf alipauka. "Wallahi dada, sijui. Nimelipokea kwa dalali, ndani ya boksi, na nailoni zake, na utepe. Mie nimeuziwa kama alivyouziwa mzee."

"Wewe utamtafuta dalali wako. Mzee anakujua wewe. Umeuza kikuukuu kwa jina la kipya. Jina alilochora yeye halihusiani na tundu hili. Utambadilishia."

"Nimekuelewa. Haina ubishi." Akageuka. "Venance, toa lile la dirishani. Lile nimelifungua boksi mwenyewe, nalijua. Lipakieni kwenye guta."

Sijui kama umewahi kushinda kitu, msomaji. Mie ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sikujua mtu anatakiwa akae vipi. Kwa hiyo nikasimama juu ya kiti.

"Mnaona?" nikawaambia watu wa nanasi. "Mnaona wakubwa wanavyotuachia? Bandarini wanapitisha nini? Wanapima nini? Taka za watu zinapakwa rangi, zinaletwa kwa mlaji! Na mlaji ni nani? Mlaji ni wewe, mlaji ni mie! Na huyo mwovu aliyelitoboa hili friza, popote alipo, mkono wake ukauke! Aliyemtoboa mnyonge mwenzake! Nasema huyo mtu..."

"Mzee, shuka," akasema Venance. "Kuna maandishi huku."

Alikuwa anaendelea kukwangua. Rangi nyeupe ilikuwa inatoka maganda maganda kama muhogo. Ikatokea M. Ikatokea W. Ikatokea A.

Mwajabu akasogea. Akasoma kwa midomo tu, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Akajishika kifua.

"Jamani. Hili friza langu."

"Lako vipi?" akauliza Flaviana.

"Langu! Lile lililokufa mwaka juzi! Nilimuuzia mnunua vyuma chakavu, akalibeba na makopo. Hili jina langu hili, MWAJABU, na huku pembeni kuna alama niliyoikwaruza na sufuria. Hii hapa!"

Venance akapuliza maganda. Chini ya jina, pale pale penye tundu, akatokea kobe.

Mwili wa patasi. Jicho la msumari. Tundu linalovuja lilikuwa jicho.

Nilishuka kwenye kiti bila kuambiwa.

Kichwani mwangu ikarudi siku moja ya mwaka juzi, uwani kwa Mwajabu. Nimechuchumaa, napiga jicho. Nikasikia *sssss*, kama nyoka anapita kwenye majani makavu. Nikasema moyoni, Mwajabu anakaanga samaki. Nikakusanya patasi zangu, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Jioni yake friza likafa. Kesho yake nikawa ofisi ya serikali ya mtaa, nawafokea watu kuhusu umeme.

Bagia zile. Bagia zile nilikula zote.

Nawaf alikuwa anakwenda kulia, anarudi kushoto, anakwenda kulia. Akainama. Akamtazama kobe huyu, akamtazama kobe yule.

"Mzee," akasema, "mbona hawa kobe ni ndugu?"

"Kobe wote wanafanana," nikasema.

"Hata vidole vya miguu vitatu vitatu?"

Flaviana akainua miwani. Akalizunguka friza mwenyewe, taratibu, mara mbili. Nyuma yake guta lilikuwa limeshapakiwa, lile friza la dirishani limekaa juu yake limefungwa kamba, linanisubiri. Dereva alikuwa anawasha.

"Zima kwanza," akamwambia dereva.

Halafu akanigeukia. "Baba, nisikilize vizuri. Kama aliyelitoboa ni mtu asiyejulikana, naandika sasa hivi, unaondoka na friza lako. Lakini kama kasoro ya friza imetokana na mkono wa mlalamikaji mwenyewe, hata kama ni zamani, hata kama lilikuwa la mtu mwingine, mie siwezi kuamua peke yangu. Litapanda kwa wakubwa wangu. Wiki tatu, pengine nne."

Wakubwa. Unaona? Hata nikikimbilia wapi, nawakuta wametangulia.

Nikafungua mdomo. Naapa nilitaka kusema, ila sijui ningesema nini. Flaviana akainua mkono.

"Wewe nilishakuuliza mara moja, baba. Leo namuuliza shahidi."

Akamgeukia Mwajabu, kalamu juu ya karatasi.

"Mama, hili lilikuwa friza lako. Ni nani aliyekuchorea huyu kobe?"

Mwajabu aliweka kidole kwenye lile tundu, akakiacha hapo. Najua alichokuwa anakipigia hesabu, maana hata mie ningekipiga: barafu za msimu mzima zilizoyeyuka, na mwanaume aliyemfokea mtendaji kwa niaba yake huku akitafuna bagia zake. Na Jumatatu. Akisema jina langu tu, watoto wote ni wake.

Kisha akainama upande wa pili wa friza, akalipangusa jina la Mauwa kwa ncha ya khanga yake, vumbi lile ambalo mie sikulifuta. Akanyooka, akanitazama usoni mbele ya watu wote, na bado amefunga.

"Baba Editha," akaniuliza, "nimjibu nini?"